Sura ya 6: Diwani Anamsimamia Nani?

"Tumevunjiwa mara tatu mwezi huu, kalavati limezolewa na maji, na ile kampuni imetuahidi zahanati tangu mwaka juzi. Diwani yuko wapi?"

Swali hili nimelisikia kwenye mikutano ya mitaa, ndani ya daladala na hata matangani, maana msibani huzungumzwa yote. Aghalabu anayeuliza hatafuti jibu, anatafuta wa kumlaumu. Mimi nimeamua kulichukua kama swali la kweli.

Jibu la kwanza litakuudhi. Karibu vyote alivyovitaja havimo mikononi mwa diwani. Polisi hawapokei amri yake. Kalavati si lake tena. Zahanati ya kampuni hujengwa kwa fedha ambayo mara nyingi haipiti kabisa kwenye akaunti ya halmashauri. Na bado sheria inamtaka avifuatilie vyote. Utamsimamiaje mtu usiyemwajiri, usiyemlipa na usiyeweza kumfukuza?

Kamati ya harusi na mpishi wa mjomba

Tuanze na maneno yenyewe. Halmashauri ni serikali ya wilaya, mji, manispaa au jiji. Juu yake kuna baraza la madiwani: kila kata huchagua diwani mmoja, wanaongezwa madiwani wanawake wa viti maalumu, na mbunge naye ni mjumbe. Baraza hukutana walau mara moja kila miezi 3. Kazi za kila siku zinafanywa na watumishi walio chini ya mkurugenzi, na mkurugenzi huteuliwa na Rais. Madiwani hawamchagui.

Sasa fikiria kamati ya harusi. Mnakutana kila Jumapili, mna mwenyekiti na mweka hazina, kadi za michango mmezigawa, bajeti mmeipitisha nyinyi. Lakini mpishi ameletwa na mjomba wa bwana harusi aliyeko Dodoma, na mjomba ndiye anayemlipa. Pilau likiungua mtanung'unika, mtampigia mjomba simu, mtakataa kupitisha hesabu za jikoni. Kumfukuza mpishi hamwezi. Wageni wakilala na njaa wataisema kamati, na hakuna hata mmoja atakayemtaja mjomba.

Ndivyo diwani anavyoishi. Na mjomba ameongeza wapishi mmoja baada ya mwingine:

- Zimamoto. Zamani gari jekundu lilikuwa mali ya manispaa. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na huduma ikahamia wizara ya mambo ya ndani.
- Barabara za mitaa na vijijini. Tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali kuu.
- Maji vijijini. Tangu mwaka 2019 yako chini ya RUWASA, wakala mwingine wa serikali kuu.
- Polisi. Hawa hawakuhamishwa, kwa sababu hawakuwahi kuwa wa halmashauri.

Sisemi kuhamisha kulikuwa kosa. Nimeona manispaa ambayo gari lake la zimamoto liliota majani chini ya mwembe. Ninachosema ni kwamba kila kitu kilipoondoka, lawama ilibaki pale pale kwa diwani, na wananchi wengi hawajapata kuelezwa kwamba mlango wa kugonga umebadilika.

Nani anatulinda, na nani anamuuliza?

Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inataja kazi za serikali za mitaa, na mojawapo ni kuhakikisha sheria inafuatwa na wananchi wanalindwa. Ukiisoma peke yake utadhani meya ana polisi wake, kama ilivyo katika miji mingi ya Marekani. Hana. Mkuu wa polisi wa wilaya anawajibika kwa kamanda wa mkoa, na kamanda kwa Inspekta Jenerali. Mambo ya usalama ya wilaya yanajadiliwa kwenye Kamati ya Ulinzi na Usalama, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, naye ni mteule wa Rais. Diwani hana kiti pale.

Kinachobaki kwa baraza ni mwaliko. Taasisi za serikali zilizomo wilayani, polisi wakiwemo, huitwa kwenye kikao zitoe taarifa. Mara nyingi anayekuja ni ofisa mdogo aliyetumwa asubuhi hiyo hiyo, na kila akiulizwa anajibu, "Nimelipokea, Mheshimiwa, nitalifikisha." Nimehesabu jibu hilo mara saba katika kikao kimoja.

Ukishuka chini zaidi mambo yanachangamka. Halmashauri ya kijiji ina kamati 3 za kudumu, na mojawapo ni ya ulinzi na usalama. Hapa ndipo penye sungusungu. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukumani na Unyamwezini, wakati wizi wa ng'ombe ulipokuwa umewashinda polisi. Wanaume wa kijiji walijipanga, wakabeba pinde na filimbi, wakafuata nyayo za mifugo usiku kucha. Wizi ulipungua. Lakini pia walipiga watu, waliwatoza faini walizozipanga wenyewe, na wengine waliwaandama vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Serikali iliwasifu kwanza, ikawatafutia sheria baadaye: mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa zikawatambua.

Mjini mjukuu wa sungusungu anaitwa ulinzi shirikishi, yaani wananchi kujilinda wenyewe kwa kushirikiana na polisi. Mtaani kwetu anakuja kijana mmoja mpole kila mwanzo wa mwezi, kaunta buku kwapani, tochi shingoni.

"Shikamoo mzee. Nimefuata ile ya ulinzi."

Ninampa shilingi 2,000. Anaandika jina langu kwa kalamu ya bluu, ananiwekea alama ya vema, basi. Risiti hakuna. Siku moja kwenye mkutano nilinyoosha mkono nikauliza mambo matatu: kaya ngapi zinalipa, vijana wanaolinda ni wangapi, na kila mmoja anapata kiasi gani. Mwenyekiti alinitazama kama niliyemtukania mama, akasema, "Fedha za ulinzi haziulizwi mkutanoni. Ni siri ya ulinzi." Watu wakapiga makofi! Mwezi uliofuata nyumba ya jirani yangu ilivunjwa saa nane za usiku, na kwenye lindo palikuwa na kijana mmoja.

Siri ya ulinzi ni njia wanayopita walinzi na saa wanayopita. Idadi ya kaya zilizolipa si siri hata kidogo. Na hapa diwani ana kazi iliyo wazi kabisa, kwa sababu mchango hauwezi kuwa wa lazima bila sheria ndogo, yaani sheria ya eneo inayopitishwa na baraza. Kama sheria ndogo haipo, ule mchango ni wa hiari, hata mkusanyaji akija na sura ya kazi. Kama ipo, inaweza kutaja kiwango, risiti na tarehe ya kusoma mapato na matumizi. Diwani anayesema "mambo ya ulinzi ni ya polisi" anakwepa kazi yake mwenyewe.

Wapo pia askari ambao halmashauri inawatuma moja kwa moja: mgambo wa jiji na wa manispaa. Ukimwona mama lishe anakimbia na sufuria la moto mkononi, jua gari lao limeingia. Inashangaza kwamba kundi pekee la usalama lililo chini ya halmashauri ndilo ambalo baraza huliuliza kidogo zaidi. Bidhaa zilizokamatwa ziliandikwa wapi? Zilipelekwa bohari gani? Zilizooza zilitupwa mbele ya nani? Maswali hayo hayahitaji ruhusa ya Dodoma.

*Kwa ufupi: polisi wanaitwa, hawaamriwi. Ulinzi shirikishi unaweza kuwekewa sheria ndogo. Mgambo ni wa halmashauri, na hapo hakuna pa kujificha.*

Mifuko miwili ya mwekezaji

Sasa tuende kwenye ile zahanati. Kampuni kubwa ikija wilayani kuchimba dhahabu au kufungua kiwanda, wananchi huona fedha yake kama mto mmoja. Kwa kweli ni mifuko miwili, na kuichanganya ndiko kunakozaa ugomvi mwingi.

Mfuko wa kwanza ni ushuru wa huduma. Ni tozo ambayo kampuni inailipa halmashauri kutokana na mauzo yake, sio faida. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa hadi asilimia 0.3. Kwa kiwango hicho, duka lililouza bidhaa za shilingi milioni 100 lilitakiwa kulipa 300,000. Mgodi uliouza dhahabu ya trilioni 1 ulitakiwa kulipa bilioni 3. Mikataba ya kwanza ya migodi mikubwa ilikuwa na kipengele cha kulipa dola 200,000 kwa mwaka, hata dhahabu ingepanda bei namna gani, na ilichukua miaka ya kelele za madiwani na wabunge wa kanda ya ziwa mpaka jambo hilo likabadilika. Fedha ya mfuko huu inaingia kwenye akaunti ya halmashauri, inakuwa sehemu ya bajeti, na baraza linaipangia matumizi kama mapato mengine.

Mfuko wa pili ndio watu wanaouita CSR, herufi tatu ambazo kule Geita hata muuza dagaa anazijua. Maana yake ni wajibu wa kampuni kwa jamii inayoizunguka: madarasa, visima, vituo vya afya, barabara. Zamani ilikuwa hisani. Meneja wa mgodi alichagua mradi, akaujenga, akaalika kamera, utepe ukakatwa. Kijiji kiliomba maji kikapewa uwanja wa mpira, kikashukuru.

Mwaka 2017, mwaka ule wa mzozo wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, Sheria ya Madini ilibadilishwa. Kifungu cha 105 kikamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa CSR na kukubaliana juu yake na halmashauri husika, kwa kushauriana na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na waziri wa fedha. Halmashauri nayo ilipewa kazi tatu: kuandaa mwongozo, kusimamia utekelezaji, na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo zile mbili za kwanza hazina macho.

Kwa sababu angalia fedha inavyotembea. Mara nyingi kampuni haiwapi madiwani hundi. Inanunua saruji, inamlipa mzabuni, inaleta mabati. Wakati mwingine ujenzi unafanywa kwa fosi akaunti, mtindo ambao halmashauri inatumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, chini ya kamati ya wananchi. Kwa hiyo kwenye vitabu vya halmashauri huenda usiikute hata shilingi moja, ilhali jengo limesimama. Na bei ya mfuko wa saruji iliyoandikwa kwenye mpango ikiwa juu ya ile ya dukani, anayeumia ni kijiji, maana "bilioni" zilizotajwa zimekwisha kabla ya choo kuezekwa.

Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000, imekuwa shule ya jambo hili. Baada ya sheria mpya, madiwani wa mjini na wa vijijini walilazimika kujifunza kazi ambayo hakuna aliyewafundisha: kukaa meza moja na wanasheria na wahandisi wa kampuni ya kimataifa, na kubishana juu ya bei ya nondo.

Bati geji 30

Diwani bora niliyewahi kumwona kazini alikuwa seremala. Simtaji, wala halmashauri yake siitaji. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba, na wenzake walimcheka kwa sababu alikuwa akisoma huku akisogeza midomo.

Siku hiyo kikao kilikuwa kinapokea taarifa ya miradi ya robo mwaka. Mmojawapo ulikuwa nyumba ya mganga iliyoezekwa kwa mabati ya mwekezaji. Kwenye jedwali iliandikwa: bati geji 28, imekamilika. Geji ni kipimo cha unene wa bati, na hesabu yake iko kinyume: namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba na bei yake inashuka.

Akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kumuuliza mtaalamu. Bati la nyumba ya mganga ni geji ngapi?"

Mtaalamu akafungua karatasi. "Ni geji 28, Mheshimiwa, kama inavyosomeka ukurasa wa 41."

Seremala akainama, akatoa kwenye mfuko wa rambo kipande cha bati kilichokatwa ukingoni wakati wa kuezeka, akakipeleka mezani kwa mwenyekiti. Muhuri wa kiwandani ulikuwa unasomeka vizuri: geji 30. Hakusema neno lingine. Alirudi akaketi, akapangusa mikono kwa leso. Taarifa ya mradi ule haikupita siku hiyo, na baada ya miezi miwili paa likabadilishwa.

Baraza halikumfukuza mtu, halikumkamata mtu. Lilikataa tu kupokea karatasi isiyolingana na bati. Nimekaa nikifikiria tukio lile mara nyingi, na nadhani usimamizi wa diwani, ukiondoa hotuba na suti, ni huo tu: kusoma, kwenda kutazama, kukataa. Ameshindwa kazi diwani asiyesoma kabrasha. Kabrasha ni lile rundo la karatasi za kikao, na lina unene wa tofali. Likifikishwa usiku wa kuamkia kikao, tayari mtu ameamua lisisomwe. Diwani mwenye akili huanza ugomvi hapo, kabla hata ya kufika kwenye mabati.

Anayelipia ulinzi

Kuna mahali ambapo mambo haya mawili, ulinzi na fedha za mwekezaji, yanakutana, na hapo nakuomba uwe makini. Kampuni inajitolea kujenga kituo cha polisi, au kutoa gari na mafuta ya doria. Kijiji kinafurahi, na kina sababu ya kufurahi, maana kituo kilikuwa mbali. Lakini usiku mambo yakiwa mawili, wizi wa mbuzi kijijini na watu walioruka ukuta wa kampuni, lile gari litakwenda wapi kwanza?

Nyamongo, wilayani Tarime, mgodi wa North Mara ulikuwa na makubaliano na polisi ya kulinda eneo lake. Wanakijiji waliodai kuwa ndugu zao waliuawa, na wengine kwamba wao wenyewe walijeruhiwa, walikwenda mpaka Mahakama Kuu ya London kuishitaki kampuni. Kesi ilimalizwa mwaka 2015 kwa makubaliano nje ya mahakama, bila hukumu. Siwezi kutoa hukumu ambayo mahakama haikuitoa. Nasema tu kwamba wanakijiji wa Tarime walilazimika kutafuta London mtu wa kujibu swali ambalo lilipaswa kuulizwa kwanza nyumbani, kwa sauti, kwenye ukumbi wa halmashauri.

Kwa hiyo mchango wowote wa kampuni kwa polisi au kwa sungusungu ungepaswa kusomwa barazani kama unavyosomwa mchango wa darasa: nani ametoa, kiasi gani, kwa masharti gani. Darasa halimpigi mtu risasi, na bado tunalikagua.

Maswali ya kwenda nayo

Wasomaji wa rasimu ya kitabu hiki walinisihi niweke orodha. Haya, chukua hii, uikunje uiweke mfukoni:

- Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi 3. Wa mwisho ulifanyika lini, na mapato na matumizi yalisomwa?
- Mchango wa ulinzi unatozwa kwa sheria ndogo ipi? Omba kuiona.
- Mradi wa kampuni kijijini kwenu umo kwenye mpango wa CSR wa mwaka gani, na kwa bei ipi? Ubao wa mradi uko wapi?
- Diwani wako, siku ya kwanza ya kikao cha baraza, madiwani wanapowasilisha taarifa za kata, aliandika nini kuhusu kata yenu? Mwombe nakala.
- Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hutoka hadharani kila mwaka baada ya kufikishwa bungeni. Halmashauri yenu ina hoja ngapi ambazo hazijafungwa?

Ukiuliza la kwanza utaitwa mkorofi. Ukiuliza la tatu utaambiwa unatumwa na wapinzani. Nenda na jirani yako, muwe wawili, na mwandike tarehe ya siku mliyouliza.

Na vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa umma, jambo ambalo watu wazima wengi niliowaambia hawakuliamini. Mara ya mwisho nilipokwenda, viti vya wananchi nyuma ya ukumbi vilikuwa na watu watatu: mimi, mwandishi wa redio ya pale mjini, na mzee mmoja mwenye bahasha ya kaki aliyedhani amefika baraza la ardhi. Walipomwonyesha jengo la pili, alichukua fimbo yake akatoka. Tukabaki wawili.